Debe la Kimea cha Mama

3 Februari, saa nne na dakika kumi asubuhi

Mwanangu,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaiandika, maana najua ungeanza nayo. Mimi mzima, ila goti la kushoto linajifanya bosi kila nikiinuka kwenye kiti cha kazi. Wewe je, kifua kimeacha kukubana? Huko kwenye kiwanda cha kufulia, na mvuke wote huo wa mashuka, unabadilisha nguo kabla hujatoka kwenye baridi? Usiniambie ndiyo kama ni hapana.

Ulipopiga simu juzi nilisikia nusu tu. Masikio haya yanasikia saa ya mkononi ikichelewa hata kidogo, lakini simu hayaiwezi. Basi tuandikiane, kama ulivyokuwa ukiandikiana na mama yako.

Leo ni wiki ya sita tangu tumzike. Najua ulizuiwa kuja. Hilo limeisha, usilirudie tena. Nakuandikia kwa jambo jingine.

Jana nilipata nguvu ya kufagia jikoni. Nyuma ya mlango, kwenye ule msumari, nimekuta mfuko wa kitambaa umejaa kimea. Ni ule mtama alioulowesha, akauotesha na kuuanika wiki ile ile kabla hajaanguka. Siku mbili kabla hajatutoka alinishika mkono akasema, "Dakika, kile kimea asiguse mtu. Mtunzie mtoto, aje akipike mwenyewe." Unajua hakuniita jina jingine maishani, ni Dakika tu, eti kwa sababu mume wake ni fundi saa.

Sasa mwanangu, mimi nimeishi na mpika pombe miaka thelathini na moja na sijui kimea kinakaaje. Mkataba wako unaisha Desemba. Ni miezi kumi. Kitafika? Nikiweke wapi? Domo, fundi viatu wangu wa hapa barazani, anasema tukipike sasa hivi kabla hakijaharibika, atajitolea kuonja. Miaka ishirini amekunywa pombe ya mama yako na bado anasema alikuwa anaonja.

Nijibu haraka. Nakipita kile kimea kila asubuhi naogopa hata kupumua.

Baba yako


20 Februari

Baba,

Shikamoo. Naiandika hivyo hivyo, usininyang'anye. Kifua hakijambo. Nguo nabadilisha. Ndiyo ya kweli.

Nimesoma barua yako nimekaa juu ya rundo la mashuka, mpaka mwenzangu wa zamu, yule mama tunayemwita Bibi Mvuke, akaja kuniuliza nimepokea habari gani. Nikamwambia mama yangu ameniachia kimea. Akanisukumia kitambaa cha kufutia uso.

Kitafika, Baba. Sikiliza vizuri.

Usikisage. Hata Domo akupigie magoti. Punje nzima inajilinda yenyewe, ikishasagwa siku zake zinahesabika. Kisagwe siku ya kupikwa, si kabla.

Kitoe kwenye huo mfuko. Kiweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko cha kubana, kisichopitisha hewa wala mdudu. Chombo kikae mahali penye ubaridi na giza, mbali na jiko na mbali na masufuria yanayochemka. Adui yake ni unyevu. Usikifungue fungue kama mlango wa duka. Mara moja kwa mwezi, siku ya jua, inatosha.

Siku hiyo chukua punje moja uiume kwa meno ya mbele. Ikivunjika ka! basi kimea kizima. Ikikunjika bila kuvunjika, ukaitafuna kama kipande cha ngozi, imeshakunywa maji, na hapo ni kuianika upya mara moja.

Ni hayo tu. Desemba nakuja kupika. Mwambie Domo aoshe kikombe.

Mwanao


15 Machi, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi

Mwanangu,

Mzima mimi, na goti nalo linakusalimu. Umesahau kunieleza chakula. Unakula?

Umeandika kama mama yako kabisa. Pale kwenye mlango wa duka ilibidi nikae kwanza, nikavua miwani.

Nimefanya yote. Nilipata debe la bati na chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya peremende za dukani. Nilivikausha juani siku nzima. Vifuniko vyote viwili nilivikatia mpira wa tairi la baiskeli nikautia pembeni, kama ninavyozibia saa isiingie maji. Nikifunga, nasikia hewa ikilalamika. Domo alijaribu kufungua chupa akashindwa. Alinuna mpaka saa nane mchana.

Debe nimeliweka chumba cha nyuma, chini ya kitanda, juu ya ubao. Chupa nimeipa cheo. Nimeiweka ndani ya kabati langu la saa! Hapana mahali pakavu kuliko pale katika nyumba hii, hata vumbi linabisha hodi. Kila nikifungua kuchukua kifaa naiona pale katikati ya saa za watu, na moyo unatulia. Nusu ya kimea inalindwa na saa kumi na nane.

Punje ya kwanza nimeuma leo. Ka! Nilishtuka. Nikacheka peke yangu.

Baba yako


8 Aprili

Baba, shikamoo, nisamehe salamu ni fupi.

Toa chupa kabatini. Leo hii! Humo si ndimo unamoweka benzini ya kuoshea mashine za saa? Na mafuta? Kimea kinavuta harufu, Baba. Kikikaa karibu na sabuni kinanuka sabuni, kikikaa karibu na mafuta ya taa kinanuka mafuta ya taa, na ukikipika harufu inakuja hivyo hivyo kwenye kikombe. Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo.

Wewe pua yako imezoea benzini miaka yote, hutaisikia. Mpe mtu mwingine anuse. Mpe Domo.

Niambie kama chupa iliziba. Nakuomba uniambie iliziba.

Mwanao


2 Mei, saa tano kamili asubuhi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mimi mwili mzima.

Ule mpira wa tairi ulibana, lakini si wa kuzuia benzini. Nilimfungulia Domo chupa. Mimi nilikuwa nimeshanusa mara tatu na nikasema harufu ni ya mkate tu. Domo aliinama, akanyamaza. Unajua yule mtu hajui kunyamaza. Akasema, "Fundi, hii inanuka meza yako." Tulikianika siku nne. Akanusa kila siku asubuhi, na kila siku akatikisa kichwa. Debe la chini ya kitanda akalinusa pia, akasema hilo liko sawa, linanuka jikoni kwa shemeji.

Kwa hiyo nusu imekwenda. Nilimwahidi mama yako jambo moja tu, nami nimeliharibu kwa mapenzi. Nimelia, sikufichi.

Lakini nina jambo la kukusimulia, na ndiyo sababu barua imechelewa.

Nilipokwenda kuitupa ile nusu ya chupa, mkono ulikataa. Nikachukua konzi moja nikaimwaga kwenye kitambaa cheupe cha kazi. Nikabana lenzi yangu jichoni, ile ya kutazamia saa, basi tu, kuziaga zile punje.

Mwanangu, niliona maajabu. Kila punje ina kisiki kidogo mahali chipukizi lilipotoka, halafu likakauka juani na kukatika mama yako alipozisugua kwa viganja. Niliona ngozi ya punje ilivyopasuka kulipisha, mpasuko mmoja, safi, mahali pale pale. Nilizipanga mia moja kwa kibano. Nikapima mianya na visiki. Zilikuwa sawa! Nikadhani nimebahatisha, nikapanga mia nyingine. Sawa! Punje maelfu kwa maelfu, kila moja na akili yake, na yeye alizisimamisha zote zisiendelee kuota, kwa wakati mmoja. Si mapema, si kwa kuchelewa. Mimi saa kumi na nane tu humu kabatini sijawahi kuzifanya zigonge pamoja hata siku moja.

Na alikuwa anapima kwa kifaa gani? Kwa ukucha! Nilikuwa namwona anainama uani na kuweka punje juu ya ukucha wa kidole gumba, nami nadhani anachagua uchafu. Miaka thelathini na moja nimekodoa jicho kutazama kazi za watu nisiowajua. Kazi ya mke wangu sikuwahi kuitazama. Nikavua lenzi nikasimama, maana niliona si vizuri kukaa.

Ile nusu iliyomo kwenye debe ipo. Naitunza kwa roho yangu. Itazame siku utakayokuja, kabla hujaisaga, nitakupa lenzi.

Baba yako


30 Julai, saa nne na robo asubuhi

Mwanangu,

Hujambo? Mei, Juni, Julai, sijapata barua. Karani wa posta akiniona naingia anatikisa kichwa nikiwa bado mlangoni, ananiokolea hatua.

Mvua zilikuja kubwa. Sakafu ya chumba cha nyuma ilitoa jasho, nikalipandisha debe juu ya kabati la nguo, ukutani pasipoguswa na maji. Nguo zako za shule zilikuwa hapo, nimezihamisha, hazikulalamika. Nilisubiri siku tatu za jua mfululizo ndipo nikafungua. Niliweka punje mdomoni nikaogopa kuuma. Domo akasema, "Uma bwana, unatutesa." Nikauma. Ka!

Kama kuna nililokukosea, niambie. Kama ni ile chupa, naomba radhi tena.

Baba yako


11 Septemba

Baba,

Shikamoo. Sijambo mwili. Hujanikosea chochote, na ungejua ninavyojisikia nikisoma radhi yako usingeiandika.

Nimekaa na barua zako miezi minne nikitafuta pa kuanzia. Naanza hapa: sijui kupika pombe, Baba.

Mama alijaribu kunifundisha, unakumbuka. Nilikuwa nasimama mlangoni nimeziba masikio kwa muziki, naitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa naona aibu na harufu ya mtama kwenye nywele zangu. Nilipokuja huku akaanza kunifundisha kwa barua. Aliniandikia tisa. Nilikuwa nasoma salamu, naruka kimea, natafuta mwishoni kama kuna umbea wa mtaani.

Yale yote niliyokuandikia Februari si yangu. Niliyanakili kwenye barua yake ya tatu, neno kwa neno. Mlango wa duka ni wake. Na ile habari ya harufu ilikuwa nyuma ya karatasi. Sikuigeuza. Niliigeuza Aprili, uliponitajia kabati. Kwa hiyo aliyepoteza nusu ya kimea ni mimi, si wewe wala kabati lako, nami nimekuacha ulie peke yako miezi yote hii.

Uliponiandikia uliyoyaona kwa lenzi, nilikwenda kusimama nyuma ya mashine ya kukunjia mashuka nikalia mpaka Bibi Mvuke akazima mashine. Hajawahi kuizima tangu nije. Nilimwonyesha barua. Akaniuliza, "Sasa huyu mama yako alikuwa na shule gani?"

Hapa wamenipa karatasi ya kuongeza mwaka. Nimeikalia wiki sita. Sehemu ya kutia sahihi iko wazi, mwisho wake ni tarehe kumi Desemba. Sioni nije kufanya nini. Kimea kile kinamngoja mtu ambaye hayupo. Nikija nitakiharibu mbele ya macho yako, na hakuna kingine.

Nakutumia barua zake zote tisa. Ni zako zaidi ya zangu. Nimeshazisoma zote, mbele na nyuma. Hata nikizifuata hazitoshi. Kulowesha kumo, kuotesha kumo, kutunza na kusaga kumo. Kupika kwenyewe hakumo. Ya tisa inaishia hivi: "Kuchemsha hakuandikiki, mwanangu, maana kote ni muda, na muda mimi huwa namuuliza baba yako. Ukija utasimama pembeni yangu uone." Ndiyo mwisho. Hata hapo alikuwa anakutania.

Mpe Domo kimea. Amekingoja kuliko mimi.

Mwanao


6 Oktoba, saa mbili na dakika arobaini asubuhi

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Salamu utazikuta chini, siwezi kuanza nazo.

Hakuwa ananitania!

Nimesoma barua zote tisa kwenye meza ya kazi, mlango nimeufunga, wenye saa zao wakagonga wakachoka. Nimemsikia mama yako anaongea siku mbili nzima. Nilipofika mwisho wa ya tisa nikarudia. Nikarudia tena. Ndipo nikasikia baridi kuanzia shingoni mpaka kwenye goti hili bovu.

Unakumbuka alivyokuwa akiniita siku za kupika? "Dakika, saa ngapi?" Kutoka uani, sauti juu. Nami najibu bila kuinua kichwa, "Saa tatu na dakika ishirini." Baadaye kidogo tena, "Dakika, saa ngapi?" Tulikuwa tunacheka hapa barazani kwamba mke wa fundi saa hana saa. Nilimpa saa za mkononi tatu maishani. Zote alizifungia sandukuni akaendelea kuniuliza. Nilidhani ni mapenzi. Labda yalikuwa mapenzi pia.

Nimekaa chini nikajiuliza: alikuwa anauliza saa ngapi, halafu saa ngapi? Mwanangu, ninazo. Zimo zote! Mkono wangu uliziandika wenyewe kabla kichwa hakijakubali. Anaita mara ya kwanza maji yakibandikwa jikoni. Ya pili, baada ya dakika ishirini na tano, na hapo nasikia unga unamwagwa na mwiko unagonga sufuria. Ya tatu, baada ya dakika hamsini, na anaepua. Kisha kimya cha saa mbili na dakika kumi, anaita ya nne, nasikia unga tena, ule mwepesi, unaotiwa uji ukishapoa. Ya tano kesho yake saa tisa alasiri, na hiyo haikuwa na swali. Alikuwa anasema tu, "Dakika, njoo."

Sikujiamini, nikamwita Domo. Nikamuuliza shemeji alikuwa anaita lini. Akasema, "Ya tatu ikishaitwa mimi nilikuwa naweka nyundo chini, maana huwa imebaki kama siku nzima, nijipange." Nikamsomea dakika zangu. Akafungua mdomo, hakutoa neno. Hiyo ni mara ya pili mwaka huu.

Miaka thelathini na moja nilikuwa napika pombe na sikujua. Yeye alikuwa na mikono, mimi nikawa na muda, na hakuna kati yetu aliyekuwa na yote. Nami nilikaa pale nikidhani natengeneza saa za watu.

Sasa sikiliza. Mikono yake ni hizi barua, na aliyezisoma mbele na nyuma ni wewe. Muda ninao mimi. Kimea kipo, jana nimeuma, ka! Hakukosea aliposema mtunzie mtoto. Alijua tukigawanywa hivi hakuna awezaye kupika bila mwenzake.

Karatasi ya mwaka ni yako. Sitakushika mkono, wala sitakuuliza tena. Ukiharibu tutakunywa kilichoharibika, na Domo hatajua tofauti. Lakini nakutaka nyumbani, mwanangu. Nakutaka. Sikuwahi kusema, nasema.

Sasa salamu: mimi mzima sana. Hujambo? Umekula?

Baba yako


19 Desemba, mezani kwako

Baba,

Shikamoo. Domo amenipa ufunguo. Alinikumbatia na nyundo mkononi, nina alama begani.

Anasema umetoka asubuhi kwenda posta kuuliza barua yangu, kama ulivyokwenda juzi, na siku moja juma lililopita. Nisamehe. Kila nilipoanza kuandika niliona miguu ina haraka kuliko kalamu. Ile karatasi niliirudisha bila sahihi, na Bibi Mvuke akanibebea sanduku mpaka chini, ghorofa tatu. Barua unayoitafuta ndiyo hii.

Nimevaa lenzi yako bila ruhusa. Nimeziona punje za mama. Nimezitazama mpaka jicho limechoka, nikasimama kama ulivyosimama wewe.

Kabla ya hapo nililishusha debe. Kifuniko kimenishinda mara mbili, kisha hewa ikalalamika kama ulivyosema, ikatoka harufu ya mama, na sikuziba pua. Nimeuma punje moja. Ka!

Konzi ya kwanza nimeshaisaga. Sufuria lina maji, liko juu ya jiko, moto sijauwasha. Nimeweka kiti changu uani, mahali pake, na mlango wa chumba chako cha kazi nimeuacha wazi ili usikie.

Ukiingia usinisalimie kwanza. Kaa kwenye kiti chako, wala usiinue kichwa. Nitakuita.

Dakika, saa ngapi?

Mwanao